Mzee na fimbo yake: siku moja maishani mwangu, Ngamiani

Saa 12:40 asubuhi. Natoka Mabawa na baiskeli kabla jua halijakolea. Tanga ni tambarare, baiskeli haikuchoshi, na nikifika Ngamiani muuza maandazi wa jirani ndiyo kwanza anaepua ya mwanzo. Nafungua duka: kompyuta moja, printa mbili, kamera, na ukuta nilioupaka chokaa nyeupe mwenyewe. Kazi inayonilisha ni kumtoa mtu kwenye picha, abaki peke yake, nyuma yake pasiwe na kitu.

Saa 2. Wanafunzi na pasipoti saizi zao. Hizo ni za haraka, ukuta umeshanifanyia nusu ya kazi. Kijana mmoja tu ndiye aliyenichelewesha. Kaja na picha aliyopigwa sebuleni kwao, anataka nitoe pazia niweke nyeupe, aombee viza ya Marekani. Nikamkatalia. Wale wanataka mraba wa milimita 51 kwa 51, nyuma nyeupe ya kweli, na picha iliyochezewa kwa programu hawaitaki. "Simama hapo ukutani, mdogo wangu, nikupige upya." Kuchukua hela ya mtu kwa picha itakayorudishwa ni dhuluma.

Saa 3:30. Akaingia mama wa makamo, kajitanda khanga, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Katoka Muheza na gari ya alfajiri. Baba yake kafariki jana, mazishi kesho. Anataka picha kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza, na ndogo ya kuweka juu ya ratiba ya ibada. Nikampa pole, akajibu tumeshapoa, kisha akatoa simu.

Picha yenyewe nzuri. Mzee kasimama uwanjani siku ya kipaimara cha mjukuu, koti la kijivu, mvi kichwa kizima, anga nyuma yake, watu kushoto na kulia. Mpwa wa mama alikuwa ameshaikata kwa programu ya simu, ile unayogusa mara moja na mtu anatoka. Mama akanionyesha. "Siyo yeye," akasema. "Lakini sijui kilichopungua."

Nikaikuza. Mvi zilikuwa zimenyolewa, kichwa laini kama yai. Na mkono wa kulia umekunja ngumi, umeshika hewa. Nikarudi kwenye picha ya mwanzo: alikuwa ameshika fimbo. Programu hizi zimefundishwa umbo la mtu kwa kuonyeshwa picha nyingi mno, na kitu chembamba kama fimbo mara nyingi hukihesabu ni cha nyuma, hukifuta. Mama alipoona ile fimbo alinyamaza kidogo. "Aliichonga mwenyewe," akasema.

Nikamwambia aende akapumzike kwa ndugu zake Chumbageni, arudi saa 11.

Saa 4 hadi saa 7. Koti nalikata kwa kalamu ya Photoshop, programu ya kompyuta ya kuhariri picha: nukta baada ya nukta, mkunjo baada ya mkunjo, picha nimeikuza mara tatu. Napita pikseli moja (kile kidoa kidogo kabisa cha rangi kinachounda picha) ndani ya ukingo, kwa sababu ukipita juu yake hasa unabeba uzi wa rangi ya nyuma, na ukimweka mtu mahali pengine unamwona amezungushiwa mstari mweupe. Fimbo nayo hivyohivyo, hadi kwenye kifundo chake kilichochakaa kwa kiganja. Kati ya mkono na kiuno palikuwa na uwazi mdogo unaoonyesha gauni la mtu wa nyuma. Hapo ndipo wengi wanaposahau kutoboa.

Mvi hazikatwi kwa kalamu. Picha ina chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja unaweza kuitazama peke yake kama picha ya nyeusi na nyeupe. Anga ni bluu, kwa hiyo kwenye chaneli nyekundu inakuwa na giza, na mvi zinabaki kung'aa kwa sababu nyeupe ina rangi zote. Nikanakili chaneli hiyo, nikazidisha giza kwenye giza na mwanga kwenye mwanga, nikaifanya barakoa: penye giza panafichwa, penye mwanga panabaki. Unywele mmoja mmoja ukajitokeza, hata ule wa juu ya sikio uliosimama kwa upepo. Nilifurahi peke yangu dukani.

Saa 7. Wali na dagaa. Umeme ukakatika, nilikuwa nimeshasevu.

Saa 9. Umeme umerudi, kadi ya harusi. Bwana harusi kavaa kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye vile vijitobo. Hiyo ni saa nzima. Bibi harusi ana mtandio wa shifoni, na shifoni ndiyo inayokufundisha maana ya uwazi. Kwenye PNG, aina ya faili ya picha inayoweza kuhifadhi uwazi, kila pikseli, pamoja na rangi zake, ina namba ya alfa toka 0 mpaka 255. Sifuri ni pasipo kitu, 255 ni kitu kizima. Mtandio unakaa katikati, nuru ipite lakini ua la kushonwa lionekane. Ukiupa 255 umemvisha bibi harusi shuka. JPEG, aina ya faili ya picha za kawaida, haina mahali pa kuweka namba hiyo, ukisevu hivyo uwazi wote unajazwa rangi, mara nyingi nyeupe. Kingo za mtandio nilizokata bado zina kasoro upande wa bega, nitazirudia kesho asubuhi macho yakiwa mapya.

Saa 11. Mama karudi na kaka yake. Nilimweka mzee juu ya samawati iliyofifia, nikaprinti kubwa. Kaka mtu akavua kofia. Mama hakuangalia uso kwanza, alishusha kidole taratibu kufuata fimbo toka kiganjani hadi chini, akarudi juu hadi kwenye ule unywele wa sikioni.

"Huu ulikuwa haulali," akasema. "Mama alikuwa anaupaka mafuta kila Jumapili."

Wajukuu wanataka fulana, kwa hiyo waliomba na ile isiyo na nyuma. Nikamtumia kaka mtu kwa WhatsApp kama dokyumenti; ikitumwa kama picha ya kawaida, uwazi unapotea. Alipoifungua nikakagua kingo zote kwenye kioo cha simu yake, fimbo imo, wakaondoka kuwahi gari ya Muheza.