Ile kesi ya ndege ya Pepsi imetugombanisha kijiweni

Kijiweni kwetu hapa Ngarenaro saivi mpira umewekwa pembeni, watu wanabishana kesi ya Leonard dhidi ya Pepsico, na mi niliyeileta naonekana natetea matajiri. Ngoja niandike huku maana pale kila mtu anaongea na hakuna anayesikiliza.

Iko hivi, miaka ya 90 Pepsi Marekani walikua na promosheni, unakunywa soda unakusanya pointi unabadilisha na vitu. Tangazo la tv likaonyesha tisheti pointi 75, miwani 175, jaketi la ngozi 1,450, afu mwisho dogo anatua shuleni na ndege ya kivita aina ya Harrier, maandishi yanasema pointi 7,000,000. Sasa chalii anaitwa John Leonard akasoma masharti akakuta pointi zinauzwa senti 10 kila moja, ilimradi uwe na 15 za kwako. Akachangiwa na watu anaofahamiana nao, 1996 akatuma zile 15 na cheki ya dola 700,008.50, humo dola 10 za kusafirishia mzigo, yaani ndege ya kivita usafiri dola kumi, dah! Ndege yenyewe ilikua na thamani ya kama dola milioni 23. Pepsi wakagoma, wakaishia mahakamani New York.

1999 Jaji Kimba Wood akamtupa nje bila hata jopo la raia kukaa. Alikiri kwamba kueleza kwa nini kichekesho kinachekesha ni kazi ngumu, afu akaieleza hivyohivyo: dogo mwenyewe hata kuaminiwa na funguo za gari la wazazi wake ni shida, na kupata pointi zote kwa kunywa inabidi upige kama Pepsi 190 kwa siku miaka 100.

Jamaa wa bodaboda akaniuliza, "Kaka, tangazo lilisema au halikusema?" Lilisema, sawa. Ila hata mpiga debe pale stendi anasema gari linaondoka sasa hivi na limebaki siti moja, nani kashawahi kumpeleka mahakamani? Mahakama haiulizi Leonard aliamini nini kichwani kwake, inauliza mtu wa kawaida angeelewaje.

Na hapa ndo wengi hawataki kunisikia, hata utani ukiuondoa bado alikua anapoteza. Tangazo lilikuelekeza kwenye katalogi, na kwenye katalogi ndege haikuwepo. Kwaiyo ile fomu yake ya oda ndo ilikua ombi, Pepsi wana haki ya kukataa. Mkataba wa maandishi uliosainiwa, ambao mahakama ilisema ulihitajika, nao haukuwepo.

Wanasheria wa kijiweni wakanitolea kesi ya Carlill ya Uingereza, ile kampuni ya dawa ya mafua iliyoahidi pauni 100 kwa atakayeitumia na bado akaugua, ikalipa. Ndio ililipa, lakini wale walitangaza wameweka pauni 1,000 benki kuonyesha hawatanii! Pepsi waliweka Harrier wapi?

Ila kitu kimoja nawapa wapinzani wangu. Baada ya sekeseke Pepsi walirudisha tangazo hewani, pointi wamepandisha mpaka 700,000,000, na chini wameandika kwamba wanatania tu. Sasa kama utani ulikua wazi hivyo, kwa nini wauandike?