Simu Iliyonionyesha Mchoro Wake

Jumapili usiku, Chikongola, Mtwara

Ijumaa mama alinipigia mara tatu kutoka Newala na simu yangu haikuita hata mara moja. Nilikuja kujua saa 2 usiku, mdogo wangu aliponipata kwenye kitochi. "Mama kanuna," akasema. "Anasema unaona jina lake unaamua kutopokea." Mama alikuwa ametoka ghalani na stakabadhi ya korosho zake. Macho yake siku hizi hayawezi maandishi madogo, kwa hiyo alitaka mtoto wa jirani amsomee kilo moja moja na mimi nisikilize, nihakikishe zinalingana na alizopima nyumbani. Amefanya hivyo na mimi kila msimu tangu baba afariki.

Muda wote huo simu ilikuwa mbele yangu mezani. Betri asilimia 61, mtandao upo, kimya.

Mimi ni fundi simu, mwaka wa 11 sasa. Mtu akiniletea simu isiyoita huwa sichukui dakika nyingi. Lakini ile yangu ilinikosesha usingizi, kwa sababu ndiyo simu ambayo kwa miezi saba nimekuwa nikimweleza kila anayekaa kwenye benchi langu kwamba ni bora kuliko alizonazo. Na bado nasema hivyo. Nataka kuandika leo kwa nini, kabla sijasahau mambo yalivyokwenda.

Simu yenyewe ni PinePhone, inatengenezwa na Pine64. Toleo lake la kwanza kabisa lilianza kutumwa kwa wanunuzi Januari 2020 kwa dola 149. Yangu nimeinunua mkononi kwa kijana aliyerudi kutoka masomoni nje, na alinipunguzia kwa kuwa ilikuwa imemshinda. Kwa wepesi haishindani na simu yoyote mpya ya sokoni: prosesa yake, yaani ubongo wake, ni Allwinner A64, ya kizamani, na kamera yake inatoa picha kama zile za simu zetu za mwaka 2010. Chaji haimalizi siku kama naitumia kweli kweli. Ukitaka simu ya kupiga picha za harusi, usiinunue.

Ninachokipenda kiko nyuma. Ukibandua kifuniko kwa ukucha unakuta betri inayotoka bila gundi, umbo lile lile la betri za Samsung J7, ambazo kwangu zimejaa droo nzima. Juu yake kuna swichi sita ndogo, kila moja na kazi yake. Moja inakata modemu, yaani kile kifaa kinachoiunganisha simu na mtandao wa laini, nyingine Wi-Fi na Bluetooth, nyingine maikrofoni, mbili zinazima kamera ya nyuma na ya mbele. Zinakata kwenye bodi, wala si alama ya kugusa kwenye kioo inayokuahidi tu kwamba imezima. Ya sita ni ya tundu la hedifoni: ukiigeuza, tundu lile lile linakuwa njia ya kuisikiliza simu ikizungumza na kompyuta tangu sekunde ya kwanza ya kuwaka.

PinePhone inaendeshwa na Linux, mfumo wa kompyuta ambao yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha. Wengine wananiambia Android nayo ni Linux. Ni kweli, kiini chake, ile programu ya ndani kabisa inayoongoza vifaa vya simu, ni Linux, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Tofauti ni kwamba kiini cha simu nyingi za dukani ni nakala iliyokarabatiwa na mtengenezaji kwa ajili ya simu ile tu, na siku akiiacha, imeachwa. Kwenye PinePhone unaweka mfumo unaoutaka mwenyewe. Nimeshapitia postmarketOS, mfumo wa Linux wa simu, nikajaribu Ubuntu Touch, ambao kampuni ya Canonical waliuacha mwaka 2017 na watu wa kujitolea wa UBports wakaubeba, na mwishowe nikatulia kwenye Mobian, yaani Debian, moja ya mifumo ya Linux ya kompyuta, iliyopangwa kwa ajili ya simu. Kubadilisha si kazi. Unaandika mfumo kwenye memori kadi, unaichomeka, unawasha. Simu inatazama kadi kwanza kabla ya hifadhi yake ya ndani, kwa hiyo hata ukiharibu kila kitu, unachomoa kadi na unarudi ulipokuwa. Mwanafunzi wangu aliharibu mara nne kwa wiki moja na hakuna kilichokufa. Angefanya hivyo kwenye simu ya mteja tungekuwa tunalipa hadi leo.

Hapa lazima nizungumzie redio ya baba.

Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ya betri sita. Nilikuwa darasa la nne ilipogoma, na baba akafungua mgongo wake sebuleni, mwanga wa koroboi ukiwa karibu. Ndani ya kile kifuniko kulikuwa na karatasi imegandishwa, imegeuka rangi ya chai, imechorwa mistari na alama. Nikauliza ni ramani ya wapi. Baba akasema, "Ya humu humu ndani." Aliyeiunda redio alikuwa amemwachia mwenye redio mchoro wa sakiti yake, ili ikiharibika yeyote mwenye akili na subira aweze kuifuata waya kwa waya. Baba hakuwa fundi, alikuwa mkulima wa mikorosho. Alifuata mistari kwa kidole, akakuta waya umekatika kwenye spika, akaulehemu kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa. Redio ikaimba hadi nilipomaliza sekondari.

Nilipoingia kwenye kazi hii nilidhani nitakuta michoro. Nimekuta kinyume. Mchoro wa bodi ya simu za kawaida tunaupata kwa kificho, mafundi tukirushiana, au kwa kulipia programu ya kompyuta ambayo nusu ya michoro yake si ya toleo ulilonalo mkononi. Tumezoea. Tunafanya kazi kama mganga anayempapasa mgonjwa gizani. PinePhone mchoro wake wa sakiti Pine64 wameuweka hadharani, unaupakua kwa bando la kawaida. Siku nilipoufungua kwenye laptopu nilikaa kimya muda mrefu. Ilikuwa ile karatasi ya rangi ya chai.

Basi, Jumamosi asubuhi. Nilifunga mlango wa kibanda nusu, nikamwambia mwanafunzi apokee wateja, nikaiunganisha simu na laptopu na kuanza kusoma kumbukumbu za mfumo za Ijumaa. Hili nalo simu zingine hazinipi. Simu ya mteja isipoita, inabaki kukisia: labda ni antena, labda ni laini, iflashi tuone. Hii imeandika kila ilichofanya, kwa sekunde.

Ili mtu aelewe nilichokiona, ajue kwamba ndani ya PinePhone kuna kompyuta mbili. Ya kwanza ni hiyo A64. Ya pili ni modemu, Quectel EG25-G, ambayo nayo ina prosesa yake na inaendesha Linux yake ndogo humo ndani. Zimeunganishwa kwa USB, kama vile umechomeka modemu kwenye laptopu, ila waya umo ndani ya bodi. Simu ikilala, A64 inazima karibu kila kitu ili kulinda chaji, modemu inabaki macho. Mtu akipiga, modemu inamgusa mwenzake bega: amka, kuna mgeni.

Kumbukumbu zikasema A64 iliamka. Mara zote tatu iliamka! Mama yangu alibisha na mtu akainuka kitandani. Tatizo ni kwamba wakati wa kuamka ule muunganiko wa USB unapotea kwa sekunde chache kabla ya kurudi, na kuna programu inayoisimamia modemu, inaitwa eg25-manager, ambayo inahesabu sekunde. Isipoiona modemu ndani ya muda iliopangiwa, inaamua kwamba imekufa na kuiwasha upya. Modemu ikizimwa, simu ya mama inakatika. Ikimaliza kuwaka, mama ameshakata tamaa na anajaribu tena, na simu imelala tena. Mara tatu hivyo hivyo, mistari ile ile, tofauti ni saa tu.

Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Vibaya kwa sababu ya mama. Vizuri kwa sababu katika miaka 11 sijawahi kuambiwa na simu yoyote kosa lake kwa uwazi namna ile.

Idadi ya sekunde imeandikwa kwenye faili la maandishi ya kawaida. Nililifungua, nikaandika 30, nikahifadhi, nikaiwasha upya ile programu. Halafu nikaanza kupiga kwa kitochi. Kabla ya kubadilisha nilikuwa nimepiga mara 10, nikiiacha ilale kabisa kila mara, na ziliita 4. Baada ya kubadilisha nikapiga 10 nyingine, zikaita 9. Ile moja nimeisoma kumbukumbu zake mara mbili na bado naifuatilia. Pia inachelewa: anayepiga anasikia mlio mara kadhaa kabla simu yangu haijaanza kuita.

Mchana umeme ulikatika, jua la mwezi wa kumi likawa linachoma bati. Mwanafunzi akaenda kuleta ming'oko na chai ya rangi tukala kwenye kivuli. Akaniuliza kwa nini nahangaika na simu isiyoweza hata kutuma pesa. Nikamwonyesha kwamba inaweza. Menyu za pesa za simu hapa kwetu zinapita kwenye zile namba za nyota na reli, na modemu inazijua. Kwenye dirisha la amri unaandika mmcli, programu ya kuiamuru modemu, unaipa namba ya menyu, na Kiswahili kinashuka chini ya kioo: tuma pesa, toa pesa, lipa bili. Unajibu kwa amri ya pili, ya tatu, hadi muamala unakubali. Nilimtumia shilingi 2,000 akacheka kwa mshangao kama mtoto.

Hapo kuna jambo linalotaka uangalifu na sikulijua mwanzoni. Dirisha la amri linatunza kila ulichoandika, ikiwemo namba yako ya siri. Siku ya kwanza nilibonyeza mshale wa juu nikaikuta yangu imekaa pale, wazi, yeyote angeisoma. Kwenye Debian ukianza amri kwa nafasi moja tupu, haihifadhiwi. Nafasi moja tu. Nimeiandika kwa kalamu kwenye ukuta juu ya meza.

WhatsApp bado iko kwenye simu yangu ya zamani, kundi la ukoo liko huko, na sina mpango wa kulihamisha. Natembea na simu mbili, kama nusu ya watu wa mji huu.

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni droo ya chini, ya kushoto. Humo nina simu 30 na kitu ambazo wenyewe wameziacha. Nyingi ni nzima kabisa: kioo kizima, bodi nzima, inapokea chaji. Kilichokufa ni programu. Nimewaambia wenyewe kwa mdomo wangu, "Mama, hii haitengenezeki, nunua nyingine," na nimewaona wakihesabu noti za korosho upya kichwani. Watu wa postmarketOS walianza kazi yao mwaka 2017 wakiwa na lengo la simu kuishi miaka 10, na simu kama Samsung Galaxy A3 ya mwaka 2015 wameshaifikisha mahali inawaka na kiini cha Linux cha kawaida. Ninazo A3 za aina hiyo mbili mle. Nimezitoa, nimezifuta vumbi, zipo kwenye chaji. Sitazirudisha kwa wenyewe nikisema zimepona, maana WhatsApp haitakuwemo na hilo ndilo watakaloniuliza kwanza. Ila shule iliyo karibu na kwetu ina watoto ambao hawajawahi kugusa kompyuta, na simu hizi ukiziunganisha na kibodi ni kompyuta. Mwanafunzi wangu anataka kuanza Jumanne.

Leo nilimpigia mama kumwomba radhi. Nilimweleza habari ya modemu kadiri nilivyoweza, kwamba simu ilikuwa imeamshwa lakini aliyeiamsha akazimwa kabla hajaiambia ni nani yuko mlangoni. Akanyamaza. Akasema kata, napiga mwenyewe.

Nikaiweka simu mezani, nikasubiri kioo kizime, nikaiacha dakika tano nzima ilale usingizi kamili. Mwanafunzi alikuja akasimama nyuma yangu. Nje kulikuwa na bodaboda na mtu anatangaza dagaa. Kioo kikawaka, jina lake likatokea, na baada ya kama pumzi mbili ikaita.

"Mbona unachelewa kupokea?" akasema mama. Halafu, bila kusubiri jibu, akamwita mtoto wa jirani. "Njoo na karatasi. Anza na gunia la kwanza."