Siku maji ya moto yalipogombanisha grupu la ukoo

Grupu letu la ukoo admini ni binamu yangu mmoja yupo Dar, ila wenye grupu ni mjomba na mama mkubwa, hilo kila mtu analijua hata watoto. Mjomba ni mwalimu mstaafu, kafundisha sekondari maisha yake yote na alipostaafu akahamishia darasa kwenye wasapu. Kila siku baada ya swala ya alfajiri, hujapiga hata mswaki, simu inalia, unakuta JE WAJUA kwa herufi kubwa. Je wajua vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vilichukua kama dakika 38 tu? Je wajua shingo ya twiga ina pingili saba sawasawa na shingo yako wewe? Je wajua siku moja ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake? Watu wanaweka kidole gumba wanaendelea na shughuli zao, hakuna anayeuliza kitu, na yeye wala hajali.

Mama mkubwa ndo dada yake wa kuzaliwa tumbo moja. Yeye haandiki, ye ni voisi tu, tena ndefu, unamsikia huku nyuma kuku wanalia na mtu anasugua sufuria. Kazi yake kutufundisha nyumba. Sufuria ya stili ikiungua tia maji na magadi uchemshe uache ilale, asubuhi inatoka yenyewe, ila ya alumini usithubutu maana itageuka nyeusi. Parachichi bichi lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Unga ukitoka dukani ulaze kwenye friza siku kadhaa, mayai ya wadudu yafe humo humo. Yai ukilitilia mashaka litumbukize kwenye maji, likielea ujue limekaa sana. Mi nimejifunza mengi kwake kuliko kwa mtu yeyote na sijawahi kumwambia.

Kukubaliana wale wawili ni nadra. Mara moja tu mtu alifowadi ile meseji ya kuchanganya jiki na siki eti vigae vya choo vinameta, basi mama mkubwa akaja na voisi ya pumzi moja, "futa hiyo, futa sasa hivi, hewa inayotoka hapo itamuua mtu chooni na mlango kaufunga mwenyewe", na mjomba akaja chini yake kuandika kwamba hiyo ni gesi ya klorini, ndo hiyo hiyo iliyotumika kwenye vita vya kwanza vya dunia kuua askari. Siku hiyo grupu lilikuwa na amani. Sasa ninayotaka kusimulia ni ya Ramadhani ya mwaka 2021, amani haikuwepo.

Mimi nakaa Tanga mjini, na Ramadhani ndo msimu wangu kwa sababu nina friza la kulala, nauza barafu za maji kwa watu wa juisi za futari na ashkrimu za ukwaju na za ubuyu kwa watoto wasiofunga. Kuanzia alasiri mlangoni kwangu hapakaliki. Asubuhi moja mjomba akatuma je wajua yake, lakini hii ilikuwa ndefu na alikuwa kaiandika mwenyewe, sio ya kufowadi, unajua tu kwa zile nukta na mkato zake za kimwalimu.

Akasema mwaka 1963 pale Magamba, Lushoto, mkoa wetu huu huu, kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu anaitwa Erasto Mpemba (sio mtu wa Pemba, ni jina lake, mjomba aliwahi kulijibu hilo kabla halijaulizwa). Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unasubiri yapoe ndo unaingiza kwenye friji. Nafasi kwenye friji ni za kugombania. Mwenzie mmoja akaona asipoteze nafasi, akachanganya maziwa na sukari bila kuchemsha akaweka. Mpemba kuona vile akachukua yake ya moto vile vile akaitia ndani. Baada ya kama saa moja na nusu wanarudi, ya Mpemba imeshaganda, ya mwenzie bado uji uji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia, na darasa zima likawa linamtania hivyo. Mpaka akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara pale shuleni, Mpemba akasimama akamuuliza yeye, wenzie wakacheka, lakini yule mzungu akaenda kujaribisha kweli kwenye maabara yake, na mwaka 1969 wakaandika makala wote wawili kwenye jarida la fizikia la Uingereza. Leo dunia nzima wanaiita athari ya Mpemba. Mjomba akamalizia, "Kwa hiyo wauza barafu wa ukoo huu, wekeni maji ya moto."

Wauza barafu wa ukoo huu ni mimi peke yangu.

Mama mkubwa hakuchelewa. Voisi ya kwanza: "We mdogo wangu, kitu cha moto hakiingii kwenye friji. Kinayeyusha vilivyomo, mashine inahangaika, Luku inakwenda. Usimharibie mtoto biashara yake." Ya pili: "Na huyo Mpemba simkatalii, ila hakuwa analipa umeme." Mjomba akajibu kwamba hapa tunazungumza sayansi hatuzungumzi umeme. Mama mkubwa akajibu kwamba sayansi isiyojua bei ya umeme akaifanyie kwake. Na ni mfungo, watu hawana la kufanya mchana, mate yamekauka, basi grupu likajaa, wajomba wengine ambao hata hatujui kama bado wapo humo wakaibuka, stika zikamiminika, na binamu yangu aliyeko Muscat akaandika maneno ambayo bado namdai: dada si una friza, pima tuone, Luku nalipa mimi.

Mjomba akanipigia kabisa. Shikamoo, marahaba, akaanza kunipa masharti. Vyombo viwili sawasawa. Maji ya ndoo moja, moja uchemshe jingine uache. Kipimo kile kile. Viwekwe pamoja, na usifunguefungue mlango. Nikachukua vibakuli viwili vya stili vya seti moja, nikapima kwa kikombe, vyote nikaviweka juu ya kile kidaraja cha ndani cha friza, mota iko chini yake. Pale friza langu lilikuwa limefanya barafu nene kweli, ile nyeupe inayojijenga kwenye kuta, unene wa vidole viwili hivi, maana msimu wa biashara nani ana muda wa kuzima friza. Nikapiga picha nikatuma, nikafunika.

Ule mchana sikuuza kwa raha. Mteja akija nafungua kwa sekunde nachomoa barafu nafunga, na watoto wa jirani walishapata habari wakawa wanauliza, "shangazi, ya moto imeshinda?" Kwenye grupu nako wanaulizia kama matokeo ya kidato cha nne.

Ilipokaribia magharibi nikafungua kuangalia vizuri. Bakuli la maji ya baridi lilikuwa na ganda juu, nikabonyeza kwa mpini wa kijiko likapasuka, chini yake maji yanacheza. Nikaligusa pembeni, likateleza juu ya ile barafu nyeupe, unaweza kulizungusha kwa kidole kimoja. Lile la moto nikabonyeza katikati, kijiko kikagota. Gumu. Nikataka kulitoa nilionyeshe kwenye video, halitoki! Lilikuwa limeyeyusha barafu iliyo chini yake likazama, limejichimbia shimo la kipimo chake, alafu ile barafu ikaganda tena ikalishika pande zote. Nikarekodi hivyo hivyo mkono mmoja, huku navuta, nikatuma.

Mjomba akaandika ALLAHU AKBAR kwa herufi kubwa zote. Sasa zilikuwa zimebaki dakika chache adhana, na mama mdogo wa Dar kafungua simu akaona hiyo tu, akajua huku kumeshaadhiniwa. Kwa bahati mwanae alikuwa pembeni akamwahi, tende iko mdomoni lakini hajaitafuna. Alituma voisi ya kulaani ukoo mzima akianza na Mpemba. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba sijaandaa futari.

Basi usiku mjomba ndo alikuwa mfalme. Akatupa na ziada, kwamba yule Osborne alipompa fundi wake wa maabara kazi ya kujaribu, fundi akarudi akasema maji ya moto kweli yametangulia, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Watu wakacheka na kweli inachekesha. Mama mkubwa kimya. Tiki za bluu zipo, kaona kila kitu, hajibu. Tukadhani kasalimu.

Kumbe anaangalia video yangu. Baada ya daku akaleta voisi, na mi naikumbuka kwa sababu niliisikiliza mara mbili: "Mwanangu, lile bakuli la moto limekamatwa na barafu. Limekaa ndani ya barafu. Lile jingine limekaa juu juu. Moja limelala kitandani na jingine limelala kwenye mkeka nje, alafu mnasema mmoja anajua kulala. Kesho weka kibao cha chapati chini ya yote mawili."

Mjomba akasoma, akakaa, akaandika neno moja: Haki.

Kesho yake nikaweka kibao. Vibakuli vile vile, maji kipimo kile kile, kibao kimekaa juu ya barafu na vyenyewe juu ya kibao, hakuna kinachozama. Na safari hii maji ya baridi yakaganda mwanzo, wala haikuwa ya kubishania, la moto lilikuwa bado lina maji katikati wakati lile jingine nagonga linalia ko ko. Nikatuma picha bila maneno. Mama mkubwa akajibu kwa stika ya bibi anacheza ngoma, sijui nani alimfundisha stika.

Binamu wa Muscat naye alikuwa kashaingia gugo, akatuletea kwamba mwaka 2012 jumuiya ya kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri zaidi kwa nini maji ya moto yatangulie kuganda, wakajitokeza watu kama 22,000, na mwaka 2016 tena wakaja watafiti wengine wakasema ukipima kwa uangalifu hiyo athari wala huioni. Na kwamba hilo la barafu ya chini kuyeyuka na kukikamata chombo ni moja ya sababu ambazo wataalamu wenyewe wamekuwa wakizitaja. Yaani mama mkubwa, darasa la saba, kaifikia kwa kuangalia video ya simu saa kumi usiku akiwa na kikombe cha uji. Mjomba alimpigia simu kumpongeza, hilo nalijua kwa sababu mama mkubwa alitutangazia.

Lakini ushindi wake hakuushangilia sana, alikuwa na jambo lake. Akanifuata inboksi. "Sasa we, hiyo barafu ya unene ule umeiacha kwenye friza ya nini? Hiyo ni blanketi. Ubaridi unatoka kwenye kuta hauwafikii wateja, unaishia humo, mashine inalala macho kwa ajili yake." Akanipa masharti kuliko hata ya mjomba: zima ukutani kabisa, hamisha mali kwa jirani, weka sufuria ya maji ya moto ndani ufunike, subiri, badilisha maji yakipoa. Na kisu usitie. Hilo alilirudia. Kisu kikitoboa ule mrija uliomo ukutani gesi inatoka yote, na fundi atakachokudai bora ununue jingine. Mtaani kwetu kuna mtu alishachokoa hivyo kwa bisbisi, friza lake sasa hivi ni kabati la nguo za watoto.

Nikafanya usiku baada ya tarawehe. Barafu ilikuwa inaachia vipande vipande vikubwa, inaanguka kishindo mpaka jirani akagonga ukuta, maji nikayakinga kwa mabeseni nikafulia. Wiki ile ile nikaona tofauti, yuniti zikaanza kukaa, na mifuko ya barafu niliyokuwa naiweka asubuhi ikawa inawahi kabla ya alasiri. Ile hela ya Luku ya binamu wa Muscat haijafika mpaka leo, ye anasema jaribio la pili hakuliagiza yeye.

Mjomba hakukaa siku nyingi akarudi kazini. Alfajiri ya Jumamosi: JE WAJUA pweza ana mioyo mitatu? Kwa mara ya kwanza mtu alimjibu kabla hata hakujakucha, voisi fupi, kuku wanalia nyuma: "Hata awe nayo kumi, usipomlaza kwenye friza usiku mmoja kabla ya kumpika utatafuna raba."