Kreni ya kamera kwa bei tunayoimudu

Kreni ya kuinulia kamera ni kifaa ambacho wengi wetu tunaorekodi harusi na kwaya hapa Mwanza tumezoea kukitazama kwa mbali kwa sababu ya bei yake. Yangu nimeiunda kwa mabomba mepesi ya alumini, bolti na beringi za baiskeli kuukuu. Fundi wa kuchomelea nilimlipa kwa kazi ya kitako cha chuma tu.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu ya mizani. Mkono wa mbele una mita 3 na wa nyuma mita 1, kwa hiyo kamera ya kilo 1.5 inahitaji kilo 4.5 upande wa pili, mbali na uzito wa bomba lenyewe ambao nao lazima ufidiwe. Natumia dumu la mchanga, kwa kuwa mchanga huongezwa na kupunguzwa kidogo kidogo hadi mkono utulie popote unapouacha. Bomba la pili, lililofungwa sambamba chini ya lile kuu kwa bolti zinazoruhusu kuzunguka, huifanya kamera isiiname inapopanda wala inaposhuka. Hapa ndugu zangu msibane matumizi, kwani tundu likiwa pana kuliko bolti, picha hutikisika.

Jumamosi alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujashika kasi, niliisimamisha kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na picha ikapanda taratibu kutoka kwenye magunia ya dagaa hadi ziwa lote likaonekana. Nimefurahi mno. Anayetaka vipimo aniandikie, nitampa vyote.