Jiwe kwenye mrija wa nyongo, na mimba ya miezi mitano

Wiki ya 22 ya mimba yangu ya pili, maumivu yalinishika chini ya mbavu za kulia yakapanda hadi begani. Zahanati wakasema vidonda vya tumbo. Siku ya tatu mkojo ukawa kama chai ya rangi, mwili mzima unawasha, na mama mkwe akanishika kidevu dirishani: "Mwanangu, macho yako ya njano!"

Hospitali kubwa, ultrasaundi ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo na mrija uliotanuka. Kipimo cha MRI kikaliona jiwe lenyewe, limekwama mwishoni mwa mrija. Daktari alieleza kuwa homoni za mimba huulegeza mfuko, nyongo ikatuama na kuganda kuwa mawe. Nikauliza, si tungoje nijifungue? Akakataa: mrija ulioziba huweza kuleta maambukizi makali au kuvimba kongosho, na hayo yangemdhuru mtoto kuliko matibabu.

Mimi hofu yangu ilikuwa eksirei itakayotumika wakati wa kulitoa jiwe. Wakanilaza ubavu wa kushoto, wakaniwekea aproni ya madini ya risasi chini yangu kumkinga mtoto, maana mionzi hutokea chini ya kitanda. Kamera ikapita mdomoni hadi utumbo mdogo, wakapanua tundu la mrija, wakalivuta jiwe kwa kiputo, kipira kidogo kinachojazwa hewa. Mionzi iliwashwa kwa sekunde chache tu. Mapigo ya mtoto yalipimwa kabla na baada.

Kesho yake nikanywa uji. Wiki mbili baadaye mfuko wenyewe ukatolewa kwa matundu madogo, mawe mengine yasije yakashuka. Mtoto alizaliwa wiki ya 39, macho meupe pee.