Kuishi na Saratani ya Mapafu Kati ya Dripu Moja na Nyingine

Wengi wakisikia kwamba nina saratani ya mapafu huniuliza kwanza kama nilikuwa mvutaji, na ninapojibu kwamba sikuwahi kuvuta sigara huonekana kama hawajaridhika, ingawa moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha nao unahusishwa na ugonjwa huu. Kikohozi changu kilitibiwa kwanza kama kifua kikuu, jambo linalotokea mara nyingi katika nchi zetu kwa kuwa dalili zinafanana: kukonda, jasho la usiku, makohozi yenye damu. Kipimo cha kipande kidogo cha nyama kilichochukuliwa kwenye pafu ndicho kilichomaliza ubishi.

Sasa ninapata kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mizunguko ya siku 21. Sisplatini, mojawapo ya dawa hizo, hutanguliwa na kufuatwa na chupa za maji ya dripu ili figo zisiumie, kwa hiyo siku nzima hupita nikikokota stendi kuelekea msalani. Baadaye huja kichefuchefu. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa hunitoa nje, na chakula huwa na ladha ya chuma, ila uji wa ulezi wenye ndimu, ambao dada yangu huuleta ukiwa umepoa, hupita. Homa ikifika nyuzi 38 sisubiri kukuche, kwani chembe nyeupe za damu zikishuka, hata maambukizi madogo huweza kuua. Wenye mafua nimewaomba wanipigie simu badala ya kuja. Shangazi mmoja alinuna, lakini hupiga.