Chupa kwanza, kijiko baadaye

Ninyi mnaoandaa mafunzo ya pamoja ya kipindupindu kati ya Goma, Kongo, na Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, kabla ya kubishana kuhusu rangi za mabango, wekeni vyombo mezani. Kipimo cha maji ya kuzuia kukaukiwa ni kilekile pande zote: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimefutwa juu. Ila chupa inayozagaa Birere, mtaa wa Goma ulio mpakani, ni ya lita 1 na nusu, na mwongozo uliotoka mbali haukuiona. Mama akiijaza, dawa inakuwa nyepesi. Akitumia kijiko cha mezani, chumvi inafika mara 3, na hapo mtoto anazidi kuumia. Kwa kosa la kijiko tu! Kwaruzeni alama ya lita 1 kwenye chupa kwa ncha ya kisu, maana wino unafutika. Pakiti ya SRO, yaani chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini, ikipatikana, ianze hiyo. Kisha kila RECO, yaani mhudumu wa afya wa jamii, achanganye mbele ya wenzake wa ng'ambo, na wote waonje: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga.